Kwa Nini Mwenye Jumla Ndogo Hakushinda: Upangaji wa Nafasi Katika Dansi ya Ridhaa

Anayefuatilia mashindano ya dansi ya ukumbini kwa simu yake, awe Sinza au Mbagala, hachelewi kukutana na jambo linalomkera. Karatasi ya matokeo imejaa namba, lakini namba zenyewe hazikubali kujumlishwa kama pointi za Ligi Kuu. Kwenye Ligi Kuu ushindi ni pointi tatu na sare ni pointi moja, na yeyote anayejua kuhesabu anaweza kusema Simba au Yanga imesimama wapi kwenye msimamo. Katika dansi, jozi iliyopendwa na majaji wawili kuliko nyingine zote, na ambayo hakuna jaji aliyeiweka chini ya nafasi ya tatu, inaweza kumaliza ya tatu, huku jozi ambayo jaji mmoja aliiweka ya tano ikipewa kombe. Hapo ndipo watu huanza kusema kwamba matokeo yamepikwa. Mara nyingi hayajapikwa hata kidogo. Yamehesabiwa kwa kanuni ambazo mtazamaji hakuelezwa, na mchezaji chipukizi mwenyewe huenda hakuelezwa.

Mkanganyiko huanzia kwenye neno lenyewe la kiwango, kwa sababu linabeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni nafasi ambayo jozi imeipata siku hiyo, mbele ya majaji hao, dhidi ya jozi zilizofika ukumbini. La pili ni daraja ambalo mchezaji anaruhusiwa kushindana ndani yake, kuanzia la wanaoanza hadi la mabingwa. La tatu ni orodha ya ubora, ile inayokusanya matokeo ya mashindano mengi na kutamka kwamba jozi fulani ni ya 40 duniani. Kila moja lina hesabu yake, na hesabu ya moja haijibu swali la jingine. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa kuwa hayo mengine mawili yamejengwa juu yake.

Dansi inayozungumzwa hapa ina matawi mawili makuu, kila moja likiwa na aina tano. Tawi la kwanza, linaloitwa la kawaida, lina walzi, tango, walzi ya Viena, foksitroti ya polepole na kwikistepu. Tawi la pili ni la Kilatini, lenye samba, chachacha, rumba, paso doble na jaivu. Msomaji wa Dar es Salaam aelewe kwamba rumba inayotajwa humu si ile ya Kinshasa ambayo bendi zetu ziliichukua na kuikuza kwa namna yake. Ni dansi ya polepole yenye asili ya Kuba, iliyowekewa hatua rasmi na walimu wa Ulaya. Hata hivyo dansi hizi si ngeni kabisa katika mji huu. Kabla ya uhuru, klabu za dansi za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani zilikuwa na vijana waliovaa suti na viatu vya kung'aa ili kucheza foksitroti na walzi, na Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulikuwa mahali pa shughuli kama hizo. Ushindani nao ni wa zamani kuliko dansi hizo: vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, vya Marini na Arinoti vilishindana kwa miaka mingi, na hukumu ya nani ameshinda ilibaki kuwa mgogoro usioisha. Tatizo la kumtafuta mshindi wa dansi tumelijua siku nyingi.

Tatizo lenyewe ni kwamba dansi haina saa ya kupima wala goli la kuhesabu. Kilichopo ni maoni ya watu wenye ujuzi, na maoni hayo lazima yageuzwe kuwa mpangilio mmoja kabla watu hawajarudi makwao. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kumpa kila jaji nafasi ya kutoa alama kati ya 0 na 10, kisha kujumlisha. Ubaya wake huonekana haraka. Jaji mmoja ni mkarimu na hutoa kati ya 7 na 10, mwingine ni mbahili na hutoa kati ya 3 na 6, na wa tatu, ambaye ana jozi anayoipenda, anaipa 10 na kuipa mpinzani wake 1. Jaji huyo wa tatu, peke yake, ameamua shindano. Ni kwa sababu hiyo wasimamizi wa dansi nchini Uingereza, katika miaka ya 1930, waliazima utaratibu uliokuwa ukitumika katika mchezo wa kuteleza juu ya barafu, wakaurekebisha hatua kwa hatua, na mpaka leo unaitwa mfumo wa skeiti japo wachezaji wake hawakanyagi barafu.

Kabla ya fainali mfumo huu ni mwepesi mno. Tuseme jozi 24 zimejiandikisha na ukumbi unataka 12 zibaki. Kila jaji anaambiwa achague 12 tu, si 11 wala si 13, na kwa kila aliyoichagua anaweka alama moja ya kuikubali. Hasemi ipi ni bora kuliko ipi. Kama dansi ni tano na majaji ni watano, jozi inaweza kukusanya kura 25 kwa wingi, na 12 zenye kura nyingi zaidi zinasonga mbele. Mwenyekiti wa majaji ndiye anayeamua la kufanya iwapo jozi mbili zimelingana pale pale mstari unapokatwa, na kwa kawaida huziingiza zote au huziacha zote. Kisha 12 zinakuwa 6, na hizo sita ndizo fainali.

Mambo mawili hufichika katika wepesi huo. Kwanza, kura za raundi za awali hazipimi ubora kwa undani. Jozi ambayo kila jaji, akilini mwake, anaiona kuwa ya saba wakati ametakiwa achague sita, itatoka bila kura hata moja. Na ile ambayo kila jaji anaiona kuwa ya sita itapata kura zote. Tofauti yao halisi ni unywele, lakini karatasi itasoma sifuri kwa 25. Mchezaji anayerudi nyumbani na sifuri yake, akiamini hana lolote, ameisoma namba vibaya, na walimu wana wajibu wa kumweleza hivyo. Pili, muda ni mfupi. Muziki wa dansi nyingi katika mashindano ya kimataifa hupigwa kwa angalau dakika moja na nusu, na wa walzi ya Viena na jaivu kwa angalau dakika moja. Jozi 12 zikiwa ukumbini pamoja, jaji anayetaka kuzitazama zote kwa haki anapata sekunde saba na nusu kwa kila moja. Katika sekunde hizo anaangalia mkao, mguu unavyokanyaga, uelewano wa wawili hao na mdundo. Jozi iliyokuwa kwenye kona wakati jaji anaitazama inaweza kuwa imefanya makubwa zaidi wakati ameangalia pengine. Ndiyo maana majaji husimama kuuzunguka ukumbi, kila mmoja upande wake, bila kuzungumza wala kuchunguliana karatasi, na ndiyo maana wawili kati yao wanaweza kutofautiana kwa dhati bila yeyote kuwa na hila.

Kwenye fainali kazi inabadilika. Sasa kila jaji, katika kila dansi, lazima azipange jozi zote sita kuanzia ya 1 hadi ya 6, na haruhusiwi kuzipa jozi mbili nafasi moja. Hapa alama 1 ndiyo nzuri na 6 ndiyo mbaya. Kwa kulazimisha mpangilio, mfumo umeuondoa ukarimu na ubahili kwa pigo moja, kwa maana kila jaji ana 1 moja tu ya kutoa na 6 moja tu ya kutoa. Kisha inakuja kanuni ambayo mfumo wote umesimama juu yake: mshindi wa dansi ni jozi iliyowekwa ya kwanza na zaidi ya nusu ya majaji. Wakiwa majaji watano, zaidi ya nusu ni watatu. Wakiwa saba, ni wanne. Wakiwa tisa, ni watano. Idadi ya majaji huwa witiri ili nusu kwa nusu isitokee.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya, wenye jozi sita nilizozipa majina ya mitaa yetu. Kwenye walzi, jozi ya Kariakoo inapewa 1, 1, 1, 6 na 5. Jozi ya Magomeni inapewa 2, 2, 2, 1 na 1. Anayejumlisha ataona Kariakoo ina 14 na Magomeni ina 8, na atasema Magomeni imeshinda kwa mbali. Mfumo wa skeiti unasema Kariakoo imeshinda, kwa sababu majaji watatu kati ya watano wameiona kuwa bora kuliko zote, na hilo linatosha. Zile 6 na 5 hazikuguswa kabisa katika kuamua nafasi ya kwanza. Hapo ndipo nguvu ya mfumo ilipo, na udhaifu wake upo hapo hapo. Kama jaji wa nne aliitupa Kariakoo chini kwa chuki, chuki yake imeishia kwenye karatasi bila kuleta madhara. Lakini kama majaji wa nne na wa tano waliona kosa kubwa ambalo wenzao hawakuliona, ushahidi wao nao umeishia hapo hapo.

Ni mara chache jozi moja hupata wingi wa namba 1 katika fainali iliyokaza. Kura zinapogawanyika, mhesabu wa alama anaanza kushuka: anahesabu ni majaji wangapi waliiweka jozi ya pili au juu zaidi, na asipopata wingi anaongeza nafasi ya tatu, na kuendelea. Tazama karatasi ya tango katika fainali ile ile, kila mstari ukionyesha alama za jaji wa kwanza hadi wa tano:

Sinza: 1, 1, 2, 4, 5
Kariakoo: 2, 2, 1, 3, 3
Magomeni: 3, 3, 3, 1, 1
Temeke: 4, 4, 4, 2, 2
Ubungo: 5, 6, 5, 5, 4
Kigamboni: 6, 5, 6, 6, 6

Hakuna aliye na namba 1 tatu. Mhesabu anashuka kwenye nafasi ya pili na juu yake. Sinza ina tatu, yaani 1, 1 na 2. Kariakoo pia ina tatu, yaani 2, 2 na 1. Magomeni ina mbili tu, Temeke mbili, na waliobaki hawana. Jozi mbili zimefikia wingi kwa pamoja, na kanuni inasema kwamba kwanza ungetazamwa wingi mkubwa zaidi. Kwa kuwa umelingana, zinajumlishwa alama zile tu zilizounda wingi huo. Sinza inapata 4, Kariakoo 5, na jumla ndogo inashinda. Sinza ni ya kwanza na Kariakoo ni ya pili. Magomeni, ambayo majaji wote watano waliiweka ya tatu au juu yake, inashika nafasi ya tatu. Temeke inafuata, kisha Ubungo na Kigamboni.

Sasa msomaji ajumlishe mwenyewe mistari mitatu ya juu. Magomeni ina 11, Kariakoo 11, Sinza 13. Mwenye jumla kubwa kuliko wote watatu ndiye aliyeshinda, na Magomeni, yenye jumla sawa na Kariakoo, imemaliza nyuma yake. Ukiniuliza nani alistahili, nitajibu kwamba swali hilo linaficha swali jingine: unataka kumpa kombe yule ambaye wengi wanamwona bora, au yule ambaye hakuna anayemwona mbaya? Mfumo wa skeiti umechagua la kwanza. Ni uchaguzi wa kanuni, uliofanywa na watu kabla ya muziki kuanza, na mtu ana haki ya kuupinga. Asichokuwa na haki ya kusema ni kwamba majaji wa siku hiyo ndio waliofanya uchaguzi huo.

Karatasi hiyo hiyo ina jambo la kushangaza zaidi. Chukulia kwamba jozi ya Temeke, iliyomaliza ya nne na isiyokuwa na matumaini yoyote ya kombe, iliumia mguu na haikuingia fainali. Majaji hawajabadilisha maoni yao hata chembe. Nafasi zinasogea tu kujaza pengo. Jaji wa nne na wa tano, ambao walikuwa wameiweka Temeke ya pili na Kariakoo ya tatu, sasa wanaiweka Kariakoo ya pili. Kariakoo inakuwa na 2, 2, 1, 2, 2, na Sinza inakuwa na 1, 1, 2, 3, 4. Bado hakuna mwenye wingi wa namba 1. Kwenye nafasi ya pili na juu yake, Kariakoo ina tano na Sinza ina tatu, na wingi mkubwa ndio unaotangulia. Kariakoo imechukua kombe kutoka kwa Sinza kwa sababu Temeke haikucheza.

Si hitilafu ambayo fundi mwerevu zaidi angeiondoa kwa kuongeza kanuni moja. Mwaka 1951 mwanauchumi Kenneth Arrow alithibitisha kihisabati kwamba, panapokuwa na washindani watatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya watu wengi kuwa mpangilio mmoja ambayo inatimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki, mojawapo likiwa kwamba uhusiano wa wawili usibadilishwe na kuwepo au kutokuwepo kwa wa tatu. Kila mfumo wa nafasi lazima uvunje sharti mojawapo. Nimeliona jambo hili likiwatuliza wachezaji walioumizwa na matokeo kuliko maneno yoyote ya kubembeleza, kwa sababu linaonyesha kwamba waliposhindwa kwa mstari mwembamba, mstari wenyewe ungeweza kupita upande wa pili bila wao kucheza tofauti.

Dansi zikiwa zaidi ya moja, hesabu inageuka tena, na wengi hapa hupotea. Ndani ya dansi moja kinachotawala ni wingi, lakini kuunganisha dansi tano kunafanywa kwa kujumlisha: nafasi ambayo jozi imeipata katika kila dansi inaongezwa kwenye nyingine, na jumla ndogo inashinda. Jozi mbili zikilingana kwa jumla, inatazamwa nafasi inayogombewa. Zikigombea ubingwa, yule aliyeshinda dansi nyingi zaidi anatangulia. Kwa hiyo jozi yenye 1, 1, 3, 3, 1 na jozi yenye 2, 2, 2, 1, 2, zote zikiwa na jumla ya 9, hazitoshani: ya kwanza imeshinda dansi tatu na ya pili moja, basi ya kwanza ndiyo bingwa. Zikilingana hata hapo, zinajumlishwa nafasi hizo. Na zikiendelea kulingana, alama zote za majaji katika dansi zote zinachukuliwa kana kwamba ni dansi moja kubwa, kisha kanuni ya wingi inaanza upya. Sare inayovuka hatua zote hizo ni nadra sana.

Wapo walioona kwamba hayo yote ni kuzunguka, na kwamba dansi inapaswa kupimwa kwa thamani yake yenyewe. Mchezo wa kuteleza juu ya barafu, uliouzaa mfumo huu, uliachana na upangaji wa nafasi mwaka 2004, baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002. Shirikisho la Dansi ya Michezo Duniani, WDSF kwa kifupi, ambalo lilianzishwa mwaka 1957 na kutambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1997, lilitengeneza mfumo wa alama kwa ajili ya mashindano yake makubwa. Humo kuna vipengele vinne, yaani ubora wa ufundi, mwendo kulingana na muziki, stadi ya kucheza na mwenza, na mpangilio wa hatua pamoja na uwasilishaji, kila kimoja kikiwa na alama hadi 10, na alama iliyo mbali mno na ile ya katikati ya majaji wenzake hupunguziwa uzito. Faida yake ni kwamba mchezaji anaona alipopungukiwa: anayepata 9 kwenye ufundi na 7 kwenye muziki anajua cha kufanyia kazi wiki inayofuata, jambo ambalo namba 4 ya mfumo wa skeiti haliwezi kumwambia. Hata hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba alama hizo ni kipimo kama cha mizani. Jaji anayeandika 8.5 ameiandika akiwa ameona jozi nyingine tano usiku huo, na ni vigumu kuamini kwamba jumla ya 36 ya ukumbi mmoja ni sawasawa na 36 ya ukumbi wa nchi nyingine.

Madaraja yana lengo tofauti. Hayatafuti aliye bora. Yanamlinda anayeanza asikutane na aliyebobea. Hatari inayozuiwa ni mchezaji mzoefu anayejificha daraja la chini ili akusanye makombe. Katika mashindano mengi ya vyuo nchini Marekani, mshindi wa daraja hupata pointi tatu, wa pili mbili na wa tatu moja, ilimradi shindano lilikuwa na washiriki wa kutosha kuwa na angalau nusu fainali. Mwenye pointi saba hawezi tena kucheza daraja hilo, na pointi anayoipata daraja la juu inahesabiwa mara mbili katika daraja lililo chini yake. Wajerumani wanatumia madaraja ya herufi, D, C, B, A na S, na hesabu yao ina msingi mwingine: pointi moja kwa kila jozi uliyoimaliza mbele yake, isizidi 20 kwa shindano moja, pamoja na sharti la kushika nafasi za juu mara kadhaa. Katika njia zote hizi pointi hazipungui. Mchezaji aliyepanda daraja miaka mitatu iliyopita kisha akaacha mazoezi bado ni wa daraja hilo, na kwa hiyo daraja linasimulia alipowahi kufika tu.

Orodha ya dunia hufanya kinyume: matokeo ya zamani hufutika, na jozi isiyoshindana huporomoka. WDSF hugawa pointi kulingana na uzito wa shindano na nafasi ambayo jozi imeishika, na mwenye orodha nzuri hupata manufaa ya kweli, kama kuruhusiwa kuruka raundi ya kwanza katika baadhi ya mashindano na kutunza miguu yake kwa raundi za baadaye. Lakini orodha hiyo haimpeleki mtu kwenye ubingwa wa dunia wa shirikisho hilo, kwa sababu huko wachezaji huteuliwa na shirikisho la nchi yao. Vilevile si orodha ya wachezaji wote walio hai. Baraza la Dansi Duniani, WDC, lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1950, lina mashindano na mabingwa wake, na tamasha la Blackpool nchini Uingereza, linalofanyika tangu 1920, lina heshima isiyotokana na orodha ya mtu yeyote. Anaposikia kwamba fulani ni bingwa wa dunia wa ridhaa, msomaji aulize ni wa chombo kipi.

Kwa mchezaji wa Dar es Salaam, orodha ya dunia ina ukweli mmoja mzito: inahesabu safari kabla ya kuhesabu hatua. Mashindano yanayotoa pointi nyingi hufanyika kwa wingi Ulaya na Asia. Kijana wa Stuttgart hupanda treni Ijumaa jioni; kijana wa Temeke anahitaji viza, tiketi ya ndege na ruhusa ya kazini, kwa ajili ya dakika moja au moja na nusu za muziki mara tano. Kukosekana kwa jina lake kwenye orodha hakusemi lolote kuhusu walzi yake, na ni dhuluma kulitumia kama ushahidi.

Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kuyafanya mashindano ya mjini, hata yakiwa madogo, yahesabiwe vizuri. Kosa la kwanza la kuepuka ni majaji watatu. Wakiwa watatu, wingi ni wawili, na wawili hao wakiwa marafiki wa mwalimu mmoja, fainali imekwisha kabla haijaanza. Watano ni kima cha chini kinachostahili heshima, na saba ni bora zaidi. Katika mji ambao walimu wa dansi hizi wanafahamiana wote, karibu kila jaji atakuwa amewahi kumfundisha mmoja wa washindani, na kusema ajiondoe kila mara ni kusema tusiwe na majaji. Lakini inawezekana kumtaka kila jaji ataje mapema wanafunzi wake, na kuibandika karatasi yote ya alama ukutani usiku ule ule, kila jaji na namba alizotoa. Jaji anayejua kwamba mstari wake utasomwa na wenzake huandika kwa uangalifu zaidi, na mchezaji aliyeshindwa anapata kitu cha kusoma badala ya uvumi wa kubeba nyumbani.

Kuhusu madaraja, ningeshauri hesabu ya Wajerumani badala ya ile ya vyuo vya Marekani, kwa sababu mashindano yetu mara nyingi huwa na jozi chache zinazoingia fainali moja kwa moja, na utaratibu unaodai nusu fainali ungetuacha wote wanaoanza milele. Ukihesabu jozi zilizoshindwa, fainali ya jozi nne inampa mshindi pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa nne hana kitu. Atakayeshinda fainali kama hiyo mara saba atakuwa na pointi 21, karibu sawa na aliyemaliza mara moja mbele ya jozi ishirini, na pointi ziandikwe kwa jina la kila mchezaji na si la jozi, kwa kuwa wenza hubadilika na daftari lazima lijue nani ameondoka na pointi zipi.